Maana ya Mbeleje

Mbeleje, Ugogo
4 Machi 1909

Kwa Sila, mwizi wa chumvi, mjukuu wa mwizi wa chumvi,

Mbukwa. Hali yako siulizi, maana najua unakula vya Wazungu na tumbo sasa linatangulia kuingia mlangoni kabla yako. Sisi tupo. Mvua imenyesha kwa kudokoa, mtama umesimama, lakini uwele umeliwa na ndege kwa sababu watu wa ukoo wenu waliokuja kutusaidia kuamia walilala kivulini wakakoroma. Ndege wenyewe walikuwa wanawaonea huruma.

Naandika kwa amri ya baba. Amesikia kwamba Bwana mpimaji, huyo unayemtafsiria, atashuka huku kwetu baada ya mavuno. Amesikia pia kwamba kila anapofika anauliza mambo matatu: nchi hii inaitwaje, maana yake nini, na mwenyewe nani. Wapita njia wanasema reli ikifika, atakayekuwa ameandikwa kuwa ndiye mwenye nchi atafanywa jumbe, na kisima kitakuwa chini ya mkono wake. Asiyeandikwa atakuwa mpangaji kwenye makaburi ya babu zake.

Nilimwambia baba ajiandae kusema mwenyewe. Akakataa. Alisema, "Mwenye nchi hajisifii nchi yake. Atasema mtani." Mila unaijua. Tukifiwa, ninyi ndio mnaochimba kaburi na kusema mbele ya watu. Tukiomba mvua, ninyi ndio mnaomshika yule ng'ombe mweusi kamba. Baba anasema haoni kwa nini mbele ya Mzungu iwe vingine. Nikamwambia Sila hawezi hata kulitaja jina la mama yake bila kuongeza uongo. Akacheka mpaka akakohoa.

Basi utasema wewe. Na kwa kuwa kichwa chako ni kibuyu kilichotoboka, nakurudishia hadithi. Watu wetu walikuwa wanatoka kusini wakikimbia njaa. Walipofika kwenye mto wa mchanga, watoto walikuwa wamekwisha kufa njiani. Wanaume wakasema tuendelee. Mbeleje, mwanamke asiye na mtoto wala mume, akakaa chini akasema, "Nendeni. Mimi maji nayasikia hapa." Wakamwacha. Akachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Waliokwenda mbele hawakupata kitu, wakarudi kufa karibu na mtu wanayemjua, wakamkuta amekaa kando ya maji, anawasubiri. Ndiyo maana nchi ina jina lake, na mtemi anapowekwa hunywa kwanza maji ya kisima kile kwa kiganja, si kwa kibuyu. Mbeleje maana yake ni yule aliyebaki.

Kesho narudi misheni kuwafundisha wasichana kusoma. Barua nitampa Shaaban wa Kondoa, anapita na punda wake.

Mimi Emilia binti Ndahani,
mwenye nchi unayoinywea maji bure


Kambi ya Bwana mpimaji, karibu na Kondoa
11 Aprili 1909

Kwa Emilia, mjukuu wa kijakazi wetu,

Barua yako nimeipokea kutoka kwa Shaaban bin Hassani, mwuza asali. Ilinukia asali na jasho la punda, nikajua mara moja imetoka kwenu.

Hukuniuliza kazi yangu, lakini nitakuambia. Tunakwenda na mnyororo mrefu wa chuma na bendera, Bwana anachungulia kwenye dude lake lenye miguu mitatu, kisha anaandika. Anapenda majina kuliko chakula. Akiona kilima anauliza, "Maana yake?" Watu wakiona amekunja uso wanamtungia maana yoyote ili wakalime. Juzi mzee mmoja wa hapa, kwa kuchoka kuulizwa, alimwambia jina la kilima chao maana yake ni kilima. Bwana akashukuru, akaandika.

Mwambie mtemi Ndahani asiwe na hofu. Nitasema. Ila nikisema kweli tupu itabidi niseme kwamba Mbeleje alikuwa kijakazi wa babu yetu, akatoroka na mbuzi na kata ya maji, akajificha kwenye kisima chetu, nanyi mkapita hapo na kiu yenu mkamwoa bila kuuliza ana mwenyewe. Kwa hiyo nchi ni yetu, kisima ni chetu, na wewe ukipika ugali unapika kwa maji yangu. Mbuzi hamjarudisha mpaka leo.

Unakumbuka nilivyoisimulia kwenye msiba wa mama yako? Mtemi alikuwa hajala wala kusema tangu alfajiri. Nilipofika pale Mbeleje anapomfundisha mbuzi kulia kwa sauti ya chini ili bwana wake asisikie, alicheka kwanza, ndipo akaweza kulia. Sijawahi kusimulia vizuri kama siku ile.

Huku kila mtu ananiamkia shikamoo, hata wenye mvi, kwa sababu ya kofia hii nyekundu ya serikali. Katika dunia nzima umebaki wewe tu.

Mimi Sila,
bwana wako


Mbeleje
20 Julai 1909

Kwa Sila, kofia yenye miguu,

Umekuja, umekula kondoo wetu, umeondoka, nami niko misheni nafundisha irabu. Nimerudi jana nimekuta mifupa. Hata shingo, ambayo ni haki yako, umeitafuna mpaka mbwa wamekuja kunishitakia.

Baba amenisimulia, na sijamwona na furaha hivyo tangu mama afariki. Anasema alikalishwa kwenye kiti cha kukunja, Bwana kwenye kingine, wewe ukasimama katikati. Ukasema sana. Kiswahili baba hakijui zaidi ya njoo na lete, kwa hiyo hakuelewa maneno, lakini alikuwa anautazama uso wa Mzungu. Anasema mwanzo alikuwa amenuna, kisha akaanza kutabasamu, kisha akacheka akapiga goti, na huku anaandika, anaandika. Baba akajua kwamba mambo yamekwenda vizuri. "Mtu haandiki namna ile kitu asichokipenda," anasema. Wazee wenzake waliokaa nyuma nao wakacheka, kwa kuwa Mzungu alicheka.

Sasa kila jioni anarudia jinsi ulivyosimama na ulivyonyosha mkono kuelekea kisimani. Anauliza Mbeleje kwa Kijerumani ni nani. Nami nataka kujua: ulipofika pale anaposema "Maji nayasikia hapa," ulisemaje? Mimi nikiwasimulia wasichana, hapo hunitaka nirudie. Niandikie vile ulivyosema, neno kwa neno, nimsomee baba.

Shikamoo yako utaisubiri mpaka mto wetu wa mchanga utiririke wakati wa kiangazi.

Mimi Emilia,
mwenye kondoo


Kambini
2 Septemba 1909

Kwa dada Emilia mpendwa,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima. Namletea mzee Ndahani blanketi, Shaaban atalifikisha. Usiku wa huko una baridi na mzee ana kifua.

Kuhusu ulivyouliza, nilisema kama ilivyopasa. Kazi ni nyingi mno, Bwana anatayarisha karatasi zake kuzipeleka bomani kabla ya mvua. Si rahisi kukumbuka neno kwa neno.

Mama yangu, Ruthu, amekuwa akiumwa mgongo. Ukipita kwetu msalimie.

Ndimi,
Sila


Kondoa
17 Novemba 1909

Kwa mpendwa Bi Emilia binti Ndahani, Mungu akuzidishie afya, wewe na mzee wako na wote walio chini ya dari yenu. Ama baada ya salamu, mimi na mke wangu Mwanahawa hatujambo, na tunaomba vivyo hivyo kwenu. Mwanahawa anakuletea kibuyu cha asali ya mwiba, ile nyeupe unayoipenda.

Bi Emilia, nimekaa siku nyingi nikijiuliza niandike pongezi au pole, na mwisho nimeona niandike zote mbili, Mungu ndiye ajuaye ipi inafaa. Pongezi ni kwa sababu mtani wenu Sila atafanywa jumbe wa Mbeleje. Habari imetoka bomani, na sisi wafanyabiashara tumefurahi, maana ni kijana tunayemjua. Pole ni kwa ajili ya mzee wako kuondolewa. Lakini haki ni haki, na nimeambiwa nyumba zenu hazitavunjwa.

Mimi mwenyewe nilikuwepo jambo hili lilipoamuliwa. Nilikuwa nimepeleka asali kambini nikisubiri nirudishiwe kibuyu. Bwana mpimaji alimwita Sila hemani akamsomea aliyoyaandika: ya kwamba Mbeleje maana yake ni nchi ya kijakazi, ya kwamba alitoroka kwa babu yake Sila, na ya kwamba kisima na nchi ni vya ukoo wa Sila tangu mwanzo. Kisha akamwuliza, "Sila, siku ile ulikuwa unacheka, na mimi nilicheka. Haya ni maneno ya kweli au ya kuchekesha? Niambie sasa, maana yakifika bomani hayarudi."

Kibuyu changu kilikuwa kinavuja kwenye mkeka, nikamwona Sila anaitazama ile asali. Kisha akasema, "Ni kweli, Bwana." Bwana akamletea kitabu chenu kitakatifu, Sila akaweka mkono juu, akaapa. Mimi nikajua hapo hapana shaka tena, kwa kuwa ninyi watu wa misheni hamchezi na kitabu kile.

Usijisikie vibaya juu ya bibi yenu. Mbele ya Mungu mtumwa na mwungwana ni wamoja, na wengi wetu huku tukichimbua sana tutakuta kamba shingoni mwa bibi fulani. Nimelisema hili kwa mapenzi.

Wako katika heri,
Shaaban bin Hassani


Mbeleje
1 Desemba 1909

Sila,

Shaaban ameniandikia. Mtu mwema yule, amenipa pongezi.

Nimesoma barua yake nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena nikitafuta mahali alipokosea. Nilijiambia Shaaban ni Mrangi, haujui utani wetu, hakuelewa alichosikia. Lakini swali la Bwana amelisikia vizuri na jibu lako amelisikia vizuri.

Ile siku ya kwanza sikulaumu. Umekaa na Wazungu miezi mingi hujapata wa kukucheka, ukaona masikio mapya, ukashindwa kujizuia. Ungenichekesha hata mimi. Lakini yeye mwenyewe alikufungulia mlango. Alikuuliza, ni kweli au ni ya kuchekesha? Mtoto wa miaka sita wa nchi hii angejibu. Na wewe ukatazama asali.

Baba hajui. Kila jioni anajifunika blanketi lako na kuwasimulia watu jinsi ulivyosimama. Nami nakaa pale pale na barua ya Shaaban ndani ya nguo yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nimeubeba huo msemo mwilini.

Sikuombi mengi. Nenda kwa Bwana, au nenda bomani, useme neno moja: ulikuwa utani. Useme kwamba sisi tuna hadithi mbili za jina hili, moja ya kisimani na moja ya makaburini, na kwamba ile ya makaburini ni dawa ya kilio, haijawahi kuwa ushahidi wa kitu. Watakukasirikia, sawa. Utaipoteza ile kofia, sawa. Utarudi nyumbani nami nitakucheka mpaka uzeeni, na hiyo ndiyo itakuwa adhabu yako yote. Fanya hivyo kabla hawajaja kukitwaa kigoda cha utemi cha baba.

Emilia


Dodoma
15 Januari 1910

Kwa Emilia,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Usidhani nalala.

Unaandika kana kwamba ni neno dogo. Ningesema "Bwana, nilikudanganya," unajua kinachofuata? Viboko hamsa ishirini mbele ya wapagazi niliokuwa nikiwaamuru, kisha kufukuzwa. Wewe uko misheni, hujaona kiboko kinavyofanya mgongo wa mtu. Mimi nimeshika miguu ya watu wakipigwa, kwa sababu mkalimani ndiye anayeambiwa amshike. Aliponiuliza, sikumwona Bwana. Niliuona ule mgongo.

Na fikiri kidogo. Bomani walikuwa tayari wameshasema mtemi Ndahani ni mzee, hajui Kiswahili, hawezi kukusanya kodi. Wangemweka nani? Mtu wa pwani asiyewajua, wa kuwapiga wanawake njiani. Je, si afadhali mtani? Nimesimama mahali hapo ili asisimame mbaya zaidi. Mzee atakaa nyumbani kwake. Kisima kitatumiwa na watu wa reli mchana, na ninyi asubuhi na jioni mtachota, nimeshawaombea ruhusa. Jina la nchi nalo nimelipigania. Walitaka kuandika namba. Kwenye karatasi bado ni Mbeleje, herufi zote.

Halafu nikuulize, bila kukuudhi. Una hakika gani? Wewe umeipata yako kwa baba yako, nami yangu kwa babu yangu. Wote tulikuwa hatujazaliwa. Miaka yote hiyo wazee wetu wanasimulia kwamba kisima kilikuwa chetu, mnacheka, tunacheka. Huenda walikuwa wanacheka kwa sababu hawakuwa na pa kulisemea. Tangu nimeapa nimelifikiri sana hili, na naona si uongo mtupu kama nilivyodhani.

Maji yakimwagika hayazoleki, Emilia. Tuishi vizuri kwa yaliyobaki.

Sila


Mbeleje
9 Juni 1910

Sila,

Sikukujibu kwa sababu barua yako ya Januari nilishindwa kuimaliza. Niliishia pale unaposema si uongo mtupu. Mtu akiiba mbuzi akamchinja, akala, akajipangusa mdomo, hayo tunayajua. Wewe umekwenda mpaka ukaanza kukumbuka kwamba mbuzi ulimfuga mwenyewe.

Leo naandika kukuambia jinsi baba alivyojua, maana hukuwepo. Ulikuwa umewatuma wengine.

Kambi ya reli iko upande wa Ihumwa, na watu wao wanakuja kuchota kwetu kwa mapipa. Wanawake wetu wakifika asubuhi wanakuta wamewatangulia. Mwezi uliopita baba aliomba nimpeleke kisimani anawe uso. Wapagazi walipomwona anakuja na fimbo yake mmoja akasema, "Wapisheni wajukuu wa kijakazi, wameomba ruhusa." Wakacheka. Baba akaniuliza wanasema nini. Nilikuwa nimechoka kuficha, nikamwambia.

Alicheka, Sila. Alisimama pale amejiegemeza kwenye fimbo akacheka mpaka machozi. Akasema, "Mtani wangu ameipeleka hadithi mpaka kwa Wazungu! Kijana ana mdomo." Akaagiza mbuzi mweupe afungwe kando, kwa sababu mtani akichekesha watu wengi hivyo lazima apewe kitu, na akasema utakuja mwenyewe kumchukua, uje umtukane vizuri ana kwa ana. Kila alfajiri aliuliza kama umefika. Mbuzi alikula kamba zake mbili.

Wiki iliyopita waliofika ni askari wako wawili na barua ya boma. Walitaka kigoda na mawe ya kuombea mvua, vikabidhiwe kwa mwenyewe. Nilisoma barua kwa sauti, nikaitafsiri Kigogo, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuitafsiri. Baba alisubiri nifike mwisho. Alikuwa bado anatabasamu, akidhani mwishoni ndiko kwenye kichekesho. Akaniuliza, "Na Sila amesemaje?" Nikamwonyesha jina lako chini ya karatasi.

Alitazama yale maandishi muda mrefu, na hajui kusoma. Kisha akaingia ndani akatoa kigoda mwenyewe. Mawe aliyakataa, akasema hayo si yake wala si yako, na askari kwa kuwa ni watu wa mbali hawakujua thamani yake, wakayaacha. Blanketi amelikunja, liko hapa mlangoni. Mzaha mzaha hutumbua usaha, nilikuwa nadhani ni msemo wa kuwatishia watoto.

Mbuzi yupo bado. Sijui nimfanye nini.

Emilia


Mbeleje
3 Oktoba 1910

Kwa Mheshimiwa Jumbe Sila, Dodoma

Mheshimiwa,

Kwa heshima nakujulisha kwamba mzee Ndahani, mkazi wa nchi yako, alifariki siku ya Jumatano baada ya kuugua kifua. Nilipeleka habari kwako siku ile ile kwa mjumbe wa reli, kuomba ruhusa ya kumzika kando ya kisima walipo wazee wake, kwa kuwa mahali hapo sasa ni pa serikali. Jibu halikuwahi kufika, na hali ya joto haikuruhusu kungoja, tukamzika nyuma ya zizi. Kama tumekosa, tunaomba radhi.

Nimepokea leo ujumbe wako kwamba siku hiyo ulikuwa bomani, kwamba umesikitika, na kwamba utakuja kwenye kuanua matanga kutimiza kazi ya mtani kama mila inavyotaka. Nakushukuru kwa kutukumbuka. Naona ni wajibu wangu kukueleza yaliyotokea kwenye mazishi, ili usipate usumbufu wa safari.

Kaburi walichimba vijana wa kanisa. Watu wa ukoo wako walifika wachache, wakasimama nje ya ua. Mama yako Ruthu, mgongo wake ukiwa vile, aliingia peke yake, na sisi tulimpisha. Alisimama mahali ambapo wewe ulisimama kwenye msiba wa mama yangu. Alivuta pumzi akaanza, kama inavyoanza siku zote, "Huyu mnayemlilia ni mjukuu wa kijakazi wetu." Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekasirika, Mheshimiwa, naomba unielewe. Tulijaribu. Nilimwona mjomba wangu amefungua mdomo ili acheke, kumsaidia mama yako. Mimi pia nilijaribu. Lakini nje ya ua palikuwa na askari wa reli aliyekuja kutazama, naye akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia jambo analolijua. Mama yako akamwona. Hakufika pale pa mbuzi anayefundishwa kulia. Alikaa chini akajifunika kanga usoni, na mimi ndiye niliyemshika mkono, mfiwa akimbembeleza mtani.

Hivyo baba yangu amezikwa bila kicheko, na wazee wanasema hawakumbuki mazishi ya namna hiyo katika nchi hii. Ninyi mlikuwa na hadithi ambayo ilikuwa inatusaidia kulia. Sasa ni sheria ya serikali, na sheria haichekwi.

Wasichana misheni wameniuliza juzi Mbeleje maana yake nini, kwa sababu ndugu zao wanaofanya kazi relini wamewaambia ni kijakazi. Nimewaambia maana yake ni mtu anayebaki wengine wanapoondoka. Nimewaambia pia kwamba kwenye karatasi ya boma imeandikwa vingine, na kwamba aliyeandikisha anajua. Natumaini sijavunja amri yoyote.

Ukipenda kuja, njoo kama jumbe. Tutakuwekea kiti mbele na hakuna atakayekukosea adabu. Utani baina yako na nyumba hii umekwisha, maana mtu hamtanii mkubwa wake. Mbuzi mweupe ameletwa pamoja na barua hii, na blanketi limefungwa mgongoni mwake. Mbuzi baba aliagiza upewe wewe, nami sikutaka kubadilisha neno la marehemu.

Uliwahi kuniambia kwamba katika dunia nzima nimebaki mimi tu. Nisamehe kwa kuchelewa.

Shikamoo, Jumbe.

Mimi mtumishi wako,
Emilia binti Ndahani